Vizibo vya soda na haki ya kuitwa darasani

"Usiwaulize walionyoosha mikono tu, chagua yeyote." Ukiwa mwalimu, ushauri huu umeshausikia. Mmoja wa walioupa umaarufu ni Dylan Wiliam, ambaye mwaka 2010 BBC ilimwonyesha akijaribu mbinu zake kwenye shule moja ya Uingereza: majina yanaandikwa kwenye vijiti, mwalimu anachomoa kimoja, mwenye jina ndiye anajibu. Na wazo sina ugomvi. Nagombana na namna tunavyolibeba hivyo hivyo na kulitua Ngulyati, kule Bariadi, kama vile darasa ni lile lile.

Tuseme una watoto 90 (mwongozo wa serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja wa msingi, lakini wewe na mimi tunajua hali ilivyo tangu elimu bila malipo ianze 2016). Unaandika namba kwenye vizibo vya soda, unavitia kwenye kopo, unauliza maswali 10 kila kipindi. Kila kizibo ukishakitoa unakirudisha. Baada ya vipindi 9 umeita mara 90. Kila mtoto kapata zamu, si ndiyo?

Wapi! Uwezekano wa mtoto kutoitwa kwenye swali moja ni 89/90. Zidisha hiyo kwa yenyewe hadi zitimie 90, unapata karibu 0.37. Yaani watoto kama 33 hawajaitwa hata mara moja, na wengine 24 hivi wameitwa mara mbili au zaidi. Kopo halikumpendelea mtu. Haya, kamweleze hivyo Kulwa ambaye hajafungua mdomo vipindi vyote tisa, wakati Doto kaitwa mara tatu.

Usipovirudisha vizibo, wote 90 unawafikia. Ila sasa aliyeitwa Jumatatu anajua yuko likizo. Mimi ningempa kila mtoto vizibo viwili: ukiitwa mara moja, bado umo koponi. Mzunguko ukiisha kila mmoja ameitwa mara mbili kamili. Gharama yake ni vipindi 18, na kuna atakayesubiri sana.

Njia ya mkato ndiyo mbaya zaidi: unachagua kwanza mstari wa madawati, halafu mtoto ndani yake. Mstari mmoja una watoto 5, mwingine 10? Basi wa mstari mfupi ana nafasi maradufu ya kuitwa. Kufumba macho na kunyoosha kidole hata nisikuzungumzie.

Halafu kuna jambo ambalo kopo haliligusi kabisa. Watoto wengi wa kule wanaanza darasa la kwanza na Kisukuma cha nyumbani, swali linakuja kwa Kiswahili. Miaka ya 1970 Mary Budd Rowe wa Marekani aliona walimu wakingoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka. Kwa hiyo uliza kwanza, waache wanong'onezane na jirani, hata kwa Kisukuma, ndipo uchomoe kizibo. Ukichomoa kabla ya kuuliza, watoto 89 wanapumua na kuacha kufikiri.

Na kama akikosea anachapwa, hilo kopo umeligeuza bahati nasibu ya viboko, hata namba zikipangwa vizuri namna gani.