Pongezi kwa Waongozaji wa Arabuko-Sokoke

Tulishakata tamaa, shingo zinatuuma kwa kutazama juu, kijana anayetuongoza aliponyanyua kidole: "Nyamazeni. Mnana huyo." Mimi nilisikia majani tu. Mara kundi likapita kwenye vilele vya mirihi, kichwa cheusi, tumbo la manjano: ndege aitwaye mnana wa Clarke, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1913, na ambaye duniani kote anajulikana Kilifi tu, humu katika msitu wa Arabuko-Sokoke na kule katika msitu wa Dakatcha. Sekunde kumi hivi, basi. Darubini yangu ya bei ghali haikufua dafu. Sikio la kijana yule ndilo lililomwona. Hongereni sana, ndugu zetu mnaoujua msitu kwa sauti. Msomaji, ukifika Gede, kando ya msitu huu, watafute waongozaji hawa kabla jua halijapanda.