Timu ya Watatu katika The King of Fighters

Michezo mingi ya video ya kupigana humkutanisha mtu na mtu. Mwaka 1994 kampuni ya SNK ya Japani ilitoa The King of Fighters '94, mchezo wa timu za watu watatu watatu, na kwa maoni yetu utaratibu wake haujapata mshindani.

Unapanga kabla: nani aanze, nani afuate, nani abaki wa mwisho. Wa kwanza akianguka, anaingia wa pili akiwa mzima. Mshindi anabaki uwanjani na majeraha yake, akirudishiwa uhai kidogo tu. Kupokezana katikati ya pambano hakuna. Basi hata anayeshindwa ana kazi ya kufanya, maana kila pigo alilolifikisha linampunguzia mzigo anayemfuata. Wako wanaotanguliza dhaifu wao akamchoshe adui, stadi akawekwa akiba. Wenzako husimama nyuma wakitazama, na ukishikwa na kizunguzungu mmoja anaweza kurukia ndani kukuokoa.

Marvel vs. Capcom 2 ya Capcom, ya mwaka 2000, ina wapiganaji 56, nayo pia hupanga watatu kila upande. Humo unabadilisha upendavyo. Aliye nje anapumzika na kurudishiwa sehemu ya uhai, au anaitwa apige mara moja aondoke. Inapendeza macho, hilo hatubishi, na anayeitwa ovyo huweza kupigwa yeye. Lakini wenzako wanageuka silaha mkononi mwako: ni mtu mmoja mwenye mikono sita.

Tena '94 haikukuruhusu kuchagua wenzako. Timu zilikuwa nane, kila moja kwa jina la nchi (Afrika hatukuwamo). Ukimtaka Kim wa Korea, ulichukua pia Chang na tufe lake la chuma, na Choi mwenye makucha, wahalifu wawili ambao Kim anawafunza adabu. Utake usitake, ulijifunza kuwatumia. Toleo la '95 likaruhusu kuchanganya, na watu wakafurahi. Sisi tuliona ladha imepungua.

Toleo la 2003 lilijaribu kupokezana katikati ya pambano. Lile la XV, la mwaka 2022, linafuata zamu za zamani, na safari hii yumo Dolores, mwanamke wa Mali.