Jicho la Juu na Kina cha Mwamba

Atazamaye Kibo kutoka Bomang'ombe huinua uso. Walter Mittelholzer, alipopaa juu ya mlima huo kwa ndege mwaka 1930, aliuinamia kwa kamera. Kanisa la Bete Giyorgis, mjini Lalibela, Ethiopia, nalo sharti liinamiwe, kwani paa lake lenye umbo la msalaba li karibu sawa na ardhi. Asemaye kuwa picha ya angani ni jicho la mgeni amekosea: mafundi wa zama za kati walianza kulichonga paani, wakashuka. Hila ya picha i kwingine. Ipigwapo jua likiwa utosini, kivuli hutoweka, na kina cha mita zipatazo 12 hugeuka mchoro bapa. Msalaba huonekana, jasho la wachongaji halionekani.