Mbuyu, Buyu na Ubuyu: Uhakiki wa Istilahi katika Maandishi ya Utafiti

Utafiti wa kisayansi juu ya mbuyu, yaani Adansonia digitata, umeongezeka sana, na matokeo yake yanazidi kufasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima, wauguzi, wanafunzi na wafanyabiashara. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, tukiyapima maandishi hayo kwa mizani ya istilahi, twaona kwamba aghalabu hutumia neno moja pale ambapo lugha yetu inayo matatu. Dosari hiyo si ya ufasaha tu, bali yaweza kumgusa msomaji katika afya yake na katika mfuko wake.

Mfano wetu tunauchukua katika mkoa wa Manyara. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, inasifika kwa mibuyu yake, na sehemu yake imo wilayani Babati. Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya mkoa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, ni njia panda ya Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kijitabu cha ushauri kikikosewa kwa Kiswahili mahali kama hapo, hakuna lugha nyingine ya pamoja itakayokisahihisha.

1. Utajiri tulio nao

Kwa kawaida, mwunda istilahi hutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa mti huu hana haja ya kutoka nyumbani. Ngeli zimekwisha kufanya kazi: mbuyu ni mti, buyu ni tunda zima pamoja na gamba lake gumu, ubuyu ni kile kilichomo ndani. Mpango huo huo tunauona katika mkwaju, kwaju na ukwaju. Mfasiri anayeandika “tunda la mti wa mbuyu” kila mara, au “unga wa mbuyu” ambao waweza kudhaniwa kuwa ni wa gome au wa majani, anaacha chombo kikali alichorithi na kushika butu.

2. Mafuta ya nini?

Hapa ndipo penye uzito. Katika mazungumzo, ubuyu ni nyama kavu ya tunda pamoja na mbegu zake. Mtoto anayemumunya ubuyu hutia kinywani vyote viwili, kisha hutema mbegu. Kwa hiyo msemaji wa kawaida haoni kosa akisema “mafuta ya ubuyu”. Lakini kwa mkemia, nyama na mbegu ni vitu viwili vyenye sifa mbalimbali. Mafuta hukamuliwa katika mbegu, na ndani yake, yakiwa hayajasafishwa, mna asidi za siklopropenoidi, ambazo majaribio juu ya wanyama yamezihusisha na madhara, ingawa joto na usafishaji huzipunguza. Nyama ya tunda ni habari nyingine.

Mwezi Juni 2008 Tume ya Ulaya iliidhinisha nyama kavu ya buyu kuwa chakula kipya katika soko lake. Idhini hiyo ilihusu nyama peke yake. Haikutaja mafuta, mbegu wala majani. Sasa mfasiri akiandika kwamba “ubuyu umeidhinishwa Ulaya”, mtu anayenunua chupa ya “mafuta ya ubuyu” sokoni Babati ana haki ya kuamini kwamba chupa hiyo nayo imeidhinishwa. Hakudanganywa na mwuzaji wala na mtafiti, bali amepotoshwa na istilahi.

3. Mizani ya vitamini

Mara nyingi husomwa kwamba ubuyu una vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Kinachokosekana ni maneno mawili: uzito mkavu na uzito mbichi. Ubuyu ni mkavu kwa asili yake, ilhali sehemu kubwa ya chungwa ni maji. Tuseme unga wa ubuyu una miligramu 300 katika gramu 100, na chungwa lina 50. Mlaji wa gramu 10 za unga atapata miligramu 30. Mlaji wa chungwa moja la gramu 130 atapata 65. Takwimu ni sahihi, lakini sentensi isiyotaja aina ya uzito inamwongopea msomaji.

4. Tembo na “uharibifu”

Maandishi ya hifadhi hueleza jinsi tembo wanavyobambua magome ya mibuyu wakati wa kiangazi. Uchunguzi wa Weyerhaeuser wa mwaka 1985 katika hifadhi ya Ziwa Manyara uliliita jambo hilo uharibifu, na wafasiri wamelifuata. Sisi twaona kwamba “uharibifu” ni hukumu, ambapo “ubambuaji” ni maelezo. Mtafiti akitaka kuhukumu na ahukumu, lakini mfasiri asimtangulie.

5. Tahadhari ya “kilima”

Mwaka 2012 Pettigrew na wenzake walitangaza spishi mpya ya mbuyu wa nyanda za juu, wakaipa jina la Kiswahili: Adansonia kilima. Mwaka 2016 wataalamu wengine walipinga kwamba hiyo si spishi ya peke yake. Tusione fahari ya kuazimwa neno letu, tukakimbilia kuunda “mbuyu-kilima” na kuutia katika vitabu vya shule. Istilahi isiitangulie sayansi.

Mapendekezo

Kwa maandishi ya kitaalamu na ya serikali, twapendekeza:

(a) mbuyu: mti; buyu: tunda zima;
(b) ubuyu: nyama pamoja na mbegu, kama wasemavyo watu;
(c) unga wa ubuyu: nyama iliyokwisha kutengwa na mbegu;
(d) mbegu za buyu, na mafuta ya mbegu za buyu, pasipo kufupisha;
(e) uzito mkavu na uzito mbichi, vitajwe kila panapolinganishwa vyakula.

Hatutazamii kwamba mchuuzi wa ubuyu wenye sukari na iliki atabadili usemi wake, wala hapana sababu ya kumtaka abadili. Tunaowataka ni wale waandikao kibandiko, kitabu cha kiada na waraka wa wizara, kwa sababu maneno yao huaminiwa na mtu asiyeweza kuyapima. Walimu na wafasiri wenye maoni mengine, hasa wanaofanya kazi katika wilaya zenye mibuyu, wanaombwa watuandikie.