Mbona kila kilinike inataka eko ya 4D?

Wandugu, kabla mtu hajaniita adui wa maendeleo, nianze kwa kukiri: mwezi uliopita mimi mwenyewe nilitoa shauri baya. Munganga mmoja wa wanawake, mwenye alinifundisha kazi, anafungua kabine yake ndogo hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Vyumba viwili, kitanda kimoja cha kupimia, na feza ya kukopa kwa familia. Aliniita juu ya kuchagua mashine ya ekografi, akisema vijana njo wanajua kutafuta kwa intaneti. Nikamletea profoma tatu. Ile nilikuwa natetea ilikuwa ya dola 9 500: ekrani kubwa, Dopla ya rangi, na 4D ya kuonyesha uso wa mtoto. Akasoma pole pole, akavua miwani.

— Mudogo yangu, sonde ya ndani iko wapi?
— Docta, ile tutaongeza kisha.
— Kisha gani?

Sikupata jibu. Na aibu ni kwamba mimi, kuliko wengine, nilipaswa kujua.

Wakati wa staji, mahali ambapo sitapataja, alifika mama mmoja usiku. Siku zake zilikuwa zimechelewa wiki mbili, tumbo linamuuma upande mmoja, damu kidogo. Testi ya mimba ilikuwa pozitifu. Mashine yetu ilikuwa mpya, yenye rangi, lakini na sonde moja tu, ile ya kuweka juu ya tumbo. Niliona kizazi, sikuona mimba ndani yake. Tukaandika: mimba changa sana, arudi kisha siku kumi. Hakufikisha siku tatu. Alipasuliwa mahali pengine, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni. Alipona. Lakini mrija ulipotea, na alikuwa bado hajazaa hata mtoto mmoja.

Sisemi sonde peke yake ingemuponya. Testi pozitifu na kizazi kitupu ilitosha kutuamsha, na siye tulilala. Lakini angalia vile kitu chenyewe kinafanya kazi. Sonde ya tumbo inapiga sauti ya karibu megahezi 2 mpaka 5. Sauti hiyo inaenda mbali ndani ya mwili, ila haichambui vitu vidogo muzuri. Ile ya ndani inapiga megahezi za juu, mara nyingi 5 mpaka 9. Haifiki mbali, lakini haina haja ya kufika mbali, kwa sababu kizazi na ovari viko pale pale karibu. Kwa sonde ya ndani, mfuko wa mimba unaweza kuonekana karibu na wiki ya 5. Kwa tumbo, mara nyingi unangoja karibu wiki moja tena, na kama mama ni munene, zaidi. Sasa kabine inayojiita ya magonjwa ya wanawake itakosaje kile kifaa?

Tunasahau pia hii kazi ilianzia wapi. Mwaka 1958, kule Glasgow, Ian Donald na wenzake wawili, mmoja wao injinia, walitangaza picha zao za kwanza za sauti katika gazeti la Lancet. Mgonjwa mwenye alileta sifa hakuwa na mimba. Ni mwanamke mwenye walifikiri ana kansa isiyopasulika. Picha ikaonyesha kivimbe cha maji cha ovari, wakakitoa. Eko iliingia kwa mambo ya wanawake kupitia kivimbe, si kupitia uso wa mtoto.

Mwenzangu mmoja wa promosyo alinijibu vizuri: "Mama analipa juu ya kuona uso. Kabine bila wateja inafunga." Ni kweli, na siichekei furaha ya mama. Lakini hesabu nayo ihesabiwe. Sonde ya 4D mara nyingi ina mota ndogo ndani yake, ni bei kali na haipendi kuanguka. Uso unatoka muzuri zaidi kati ya wiki ya 26 na ya 30, na mtoto akigeuza mgongo, picha hakuna, mama anakasirika. Tena, mwaka 2016 OMS ilishauri kila mwenye mimba apate eko moja kabla ya wiki 24: kujua umri wa mimba, kama ni mapacha, kama kuna kasoro. Umri wenyewe unapimwa vizuri zaidi miezi mitatu ya kwanza, kwa urefu wa mtoto. Ukingoja mwisho, unaweza kukosea wiki tatu. Yote hayo picha ya kawaida inatosha.

Dopla siikatai. Mama mwenye tansyo ya juu, unataka kujua damu inapita namna gani kwa kitovu. Ila kuwasha Dopla kwa mimba ya wiki 7 ili mama "asikie moyo" ni kiburi cha kifaa. Inapasha joto, na kuna njia nyingine ya kuonyesha moyo unapiga.

Mashine ya mukono wa pili? Iko sawa, lakini usinunue kwa picha ya katalogi. Washa, usipake jeli, pitisha trombone ya karatasi pole pole kwenye uso wa sonde, ukiangalia ekrani. Mahali alama inapotea, kuna kristali zimekufa. Tena uliza onduleri: kuran ya kwetu ikirudi kwa nguvu, haichagui kati ya balbu na mashine ya mukopo.

Sasa tuko kwa profoma ya pili: dola 5 800, sonde mbili, rangi ya kawaida, 4D hapana. Kinachokwama ni kimoja. Muuzaji anasema sonde ikiharibika itumwe kwao, na hawezi kutaja siku. Docta hajalipa bado. Mwenye anajua fundi wa sonde, iwe Goma ao hata Kigali, aandike hapa chini.