Umande wa Saa Nne

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Nyabusozi aliniletea hadithi yake niisome. Ameiandika kwa bidii, kwa hati safi, karibu daftari zima. Mhusika wake ni mzee anayefiwa na mke, watoto wanatawanyika, marafiki wanaacha kuja. Kila baada ya kurasa mbili tunaambiwa kwamba mzee alijisikia mpweke sana. Nilifika mwisho sijajua mlango wake ulitazama wapi, wala usiku akikohoa nani alimsikia. Nikamuuliza kijana, "Huyu anaishi wapi?" Akajibu bila kusita, "Kijijini, mwalimu."

Sikumlaumu, ndivyo tulivyomfundisha. Tunamwambia mwanafunzi achambue fani, na akifika kwenye mandhari aandike kwamba mwandishi ametumia mandhari ya kijijini na mjini, atoe mfano mmoja mmoja, kisha aendelee na matumizi ya lugha. Nimeisahihisha sentensi hiyo miaka mingi na kuipa alama zake. Mahali pamekuwa kama anwani juu ya bahasha: ukishaisoma huna haja nayo tena.

Bibi yangu hakwenda shule, lakini kazi ya mahali katika hadithi aliijua. Tulikuwa na jirani, mzee aliyebaki peke yake baada ya mkewe kufariki, na jioni bibi alipotusimulia habari zake hakulitaja neno upweke hata siku moja. Alianza na vigoda. Enzi za marehemu mkewe, alisema, nje ya mlango vilikaa vigoda vinne, na havikuingizwa ndani mpaka wanywaji wa rubisi wameondoka. Baadaye vikawa viwili. Kisha kikabaki kimoja, na hicho nacho kikahamia ndani kando ya moto, kwa kuwa anayekaa nje peke yake kila mpita njia anamwona. Kutoka kwenye vigoda alituhamishia kwenye migomba. Majani makavu hayapogolewi tena, yamening'inia hadi chini, na nyumba uliyozoea kuiona ukiwa njiani sasa unaoneshwa na moshi tu. Hapo ndipo sisi watoto tulipoanza kusogeleana.

Lakini ufundi wake wote ulikuwa kwenye kijia. "Nilipita pale saa nne," alisema, "na umande ulikuwa bado juu ya majani." Akanyamaza, akachochea moto.

Aliyekulia huku kwenye nyasi ndefu haelezwi. Anayetangulia asubuhi hulowa hadi magotini. Anayemfuata anakuta njia imeshapanguswa. Kijia chenye umande saa nne ni kijia ambacho hakuna aliyepita kuomba moto, kurudisha jembe, wala kuuliza umeamkaje. Na mwenye nyumba mwenyewe hajatoka. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipong'amua kwamba ile migomba isiyopogolewa ndiyo iliyoukinga umande na jua. Bibi alikuwa ameitaja mapema, kama jambo la kupita tu, akaiacha ifanye kazi yake. Katika vitabu vyote nilivyosoma sijakutana na sentensi iliyonifikishia kutelekezwa kwa mtu vizuri kuliko hiyo ya umande.

Vitabuni nako ziwa letu lina mafundi wake. Ng'ambo kule kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kwa Kikerewe, mwaka 1945, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaitia katika Kiswahili mwenyewe. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, na mwaka uliofuata alifariki. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya maneno ya wakwe juu ya ugumba, na Myombekere anabaki na mji wake. Kitereza hana haraka. Kwa mwanamume wa zama zile jiko halikuwa mahali pake; sasa njaa inampeleka huko, na kila chungu kinamkumbusha mkono uliokuwa ukikishika. Mji ni uleule, vyombo ni vilevile, ila vyote sasa vinamsuta.

Kisiwa hichohicho kilimzaa Euphrase Kezilahabi, wa Namagondo. Katika Rosa Mistika, 1971, kijiji kina jina na watu wake wana midomo. Katika Kichwamaji, 1974, Kazimoto ni msomi aliyerudi kwao, na kwao pamegeuka mahali pa kutazamwa. Ukifika Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, Ukerewe haipo tena. Kuna msafiri tu na nchi isiyo na jirani wa kumpigia hodi. Mwenye kuvisoma vitabu hivi kwa mfuatano wake anaviona vigoda vikiingizwa ndani kimoja kimoja. Wengi huvisifia vile viwili vya mwisho kwa falsafa yake. Mimi moyo wangu uko kwenye Kichwamaji. Kumtupa mhusika porini ili awe peke yake si kazi ngumu. Kezilahabi alimwacha Kazimoto peke yake kwao, ndugu wakipita uani, sauti zao zikisikika.

Hadithi ninazoletewa siku hizi zimejaa majumba ya kifahari yenye geti na pazia zito. Aliyeachwa anasimama dirishani, anashusha pumzi, anafuta machozi. Jumba hilo lingeweza kuwa Mwanza, Nairobi au popote. Halina harufu, halina jirani, na mhusika akiondoka hakuna kinachobadilika humo. Wanaoandika hivi wana vipaji, na ndiyo sababu naumia. Wanakuja na kurudi kwa bodaboda, na aliyepanda bodaboda umande haumlowanishi. Na vijia vyenyewe vinazidi kupungua, hata atakayetaka kuvitazama itabidi aulize vilipita wapi.

Kijana nilimrudishia daftari lake. Sikuandika maoni pembeni. Nilimsimulia tu habari ya mzee jirani, tangu kigoda cha kwanza, kama nilivyosimuliwa. Alisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama aongeze hiyo mandhari mwanzoni au mwishoni.

Juzi Jumamosi nilivuka kilima kwenda kwenye nyumba ya marehemu bibi. Sisi wajukuu tuko watano: wawili Geita, mmoja Mwanza, mmoja Dar es Salaam, na mimi niliye karibu. Sikuwa nimefika tangu Pasaka. Kijia nilikipata kwa kukumbuka kuliko kwa kuona, nikikata kulia pale ulipokuwa mparachichi. Ilikuwa saa nne na nusu. Nilipofika mlangoni suruali ilikuwa imelowa hadi magotini.