Bakuli la Mtu Mmoja

Meza ya Kichina ni ya watu wengi. Vyombo huwekwa katikati, kila mlaji huchota kidogo kidogo kwa vijiti vyake, na kwa desturi sahani hazipungui idadi ya waliokaa. Msafiri aliye peke yake hana nafasi nzuri katika mpango huo. Mji wa Zhangye, mdogo kwa vipimo vya China, uko katika jimbo la Gansu, kiasi cha kilomita 500 kaskazini-magharibi mwa Lanzhou, mji mkuu wa jimbo hilo. Moja ya fahari zake ni kuku aliyepikwa pamoja na unga wa ngano uliosukumwa ukawa mwembamba, ukaviringishwa na kukatwa vipande. Huletwa kuku mzima kwenye sinia. Mtu mmoja, hata awe ameshinda na njaa, ataishia nusu. Akikimbilia sahani ya mboga na wali mweupe atashiba, ila atakuwa amepita mjini bila kuuonja.

Anayemwokoa ni fundi wa tambi. Katika upishi wote wa China, ufundi wa kuvuta tambi kwa mkono ndio unaomtendea haki mlaji wa peke yake, kwa sababu kazi yenyewe hugawanyika kwa bakuli: kipande kimoja cha unga, mvuto mmoja, mtu mmoja. Aliyekuja na watu kumi na aliyekuja peke yake hupata chakula kilekile, kwa ukubwa uleule na kwa bei ileile.

Zhangye umejibana kati ya milima ya Qilian na jangwa. Theluji ya milimani huyeyuka na kushuka kwa mto Heihe, na maji hayo ndiyo yanayolisha mashamba. Kwa hiyo chakula cha watu hapo ni ngano kwanza. Lakini tambi zinazovutwa madukani mwake zilipata sura yake Lanzhou. Wenyeji wa huko humtaja Ma Baozi, Mhui aliyeanza mwaka 1915 kuuza mitaani tambi za supu ya ng'ombe, amezibeba kwa mzegazega, kabla hajafungua duka. Wahui ni Waislamu wa China wanaozungumza Kichina, na hadi leo duka la tambi za Lanzhou ni duka la nyama halali. Mwanafunzi kutoka Unguja au Mombasa anayesoma katika miji ya mbali kabisa na Gansu hulijua duka hilo mapema, maana watu wa wilaya ya Hualong, jimboni Qinghai, wamelisambaza karibu kila pembe ya nchi. Zamani alitambua kibao kwa maandishi ya Kiarabu. Sehemu nyingi maandishi hayo yameondolewa kwa amri, Beijing ikiwa mojawapo mwaka 2019, kwa hiyo sasa atazame kofia nyeupe za wapishi na mitandio ya wanawake walio kaunta.

Kazi huanza kabla ya alfajiri. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na majivu ya magugu ya jangwani, yenye tabia ileile ya magadi ambayo mpishi wa Afrika Mashariki hutia kwenye maharage magumu au mlenda. Siku hizi majivu halisi ni nadra; wengi hutumia dawa ya unga kutoka kiwandani, nayo hufanya kazi hiyohiyo. Magadi hayo hukaza protini ya ngano, donge likawa linavutika bila kukatika, na weupe wa unga ukageuka manjano hafifu. Donge hupigwa mezani, hukunjwa, hukandwa tena, kisha hulazwa. Wanaoitazama kazi hii kutoka mlangoni husifu misuli ya fundi, lakini siri iko zaidi katika kulaza. Donge lisilopumzika hujivuta nyuma kama mpira, au hukatika mkononi. Lililopumzika hukatwa vipande, kila kimoja cha bakuli moja, vikapakwa mafuta na kusubiri wateja.

Fundi huchukua kipande, akakisukuma kikawa kama fimbo fupi nene, akashika ncha zote mbili na kutanua mikono. Hukutanisha ncha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, huingiza kidole cha mkono wa kulia katika kitanzi kilichobaki, na kuvuta tena. Uzi mmoja umekuwa miwili, miwili imekuwa minne. Kila mkunjo huzidisha mara mbili, hata mkunjo wa saba ukaleta nyuzi 128 na wa nane 256. Kati ya mvuto na mvuto huzipiga nyuzi mezani kwa kishindo kinachosikika barabarani. Nyuzi hulingana unene. Mwisho hukata kishina kilichobaki kiganjani na kurusha tambi kwenye sufuria inayotokota. Zile nyembamba huiva haraka mno, na mhudumu mwenye bakuli huwa amekwisha kujongea.

Kuagiza hakuhitaji mwenzi wala Kichina kingi. Mlaji hulipa kwanza, mara nyingi kwa simu, hupewa karatasi, huipeleka kwenye dirisha la jiko na kutaja unene anaotaka. Asiyeweza kutaja huonyesha kwa kidole tambi za jirani. Ziko nyembamba kama unywele, ziko za wastani, ziko bapa kama jani la kitunguu, ziko pana kama mkanda, na ziko zenye pembe tatu. Zile za unywele ni za kujionyesha: hulainika kabla bakuli halijafika nusu. Unene wa kati hubeba supu vizuri zaidi. Anayetaka kumpima fundi aagize za pembe tatu, kwa kuwa kingo zake lazima zibaki kali tangu mvuto wa kwanza hadi wa mwisho.

Watu wa Lanzhou hulihukumu bakuli kwa rangi tano: supu iwe angavu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, na tambi ziwe za manjano. Ya kwanza ndiyo ngumu. Mifupa na nyama huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na tangawizi, mdalasini, pilipili manga na viungo vingine ambavyo kila duka huvificha, na povu huenguliwa bila kuchoka. Nyama yenyewe huwa vipande vichache vyembamba, na mwenye hamu hulipia sahani ya ziada. Suala la bei si jambo dogo: mwaka 2007, bei zilipopanda, serikali ya Lanzhou iliweka kikomo cha yuani 2.5 kwa bakuli kubwa katika maduka ya kawaida.

Zhangye nao una tambi zake. Kuna zinazosokotwa kwa viganja, fupi, nene katikati na zilizochongoka ncha mbili kama visamaki. Kuna pia kifungua kinywa cha vipande vya unga vidogo sana vya mraba, katika supu ya ng'ombe yenye pilipili manga kali. Vyote viwili huuzwa kwa bakuli, na kwenye meza ndefu za maduka hayo mtu wa peke yake ndiye mteja wa kawaida: dereva, mwalimu, mwanafunzi. Hakuna anayemuuliza mgeni wenzake wako wapi.

Tatizo ni saa. Haya ni maduka ya asubuhi, na mengi huzima moto mchana supu inapokwisha. Watalii huenda Zhangye kwa ajili ya vilima vya rangi vya Danxia, ambavyo hupendeza zaidi jua likizama, basi asubuhi yao iko huru. Mwenye usiku mmoja tu mjini humo awe dukani kabla ya saa mbili, aagize unene wa kati, na aionje supu kwanza kabla ya kuongeza siki.